Shahidi Anayelala Barazani

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa gizani. Usiku usio na mwezi wavuvi huelea na taa juu ya maji, dagaa wakaufuata mwanga, nyavu zikawazoa. Mbalamwezi ikikolea taa hazifui dafu, na mitumbwi hukaa ufukweni siku kadhaa. Ndiyo maana katika soko la Mwaloni, Kirumba, fedha zina kalenda yake. Siku za giza magunia hushuka mfululizo kutoka Ukerewe na visiwa vingine, malori ya kwenda Kongo, Rwanda na Burundi yanapakia, na mtu aliyekuwa hana kitu juzi leo ana noti mkononi. Siku za mbalamwezi soko linapoa. Kalenda hii anaijua kila anayekula kwa Mwaloni: mama anayechambua dagaa, kuli, mwendesha guta, mama lishe, mwenye gesti. Kibaka naye anaijua.

Anaijua vilevile kijana anayelala hapohapo. Mchana huokota dagaa waliomwagika, hubeba mzigo mdogo anaoachiwa na makuli, hukusanya chuma chakavu na chupa za plastiki. Usiku hujilaza juu ya magunia matupu, chini ya meza za biashara au kwenye baraza la duka lililofungwa. Saa nane usiku, wakati mwenye duka amelala kwake Kitangiri au Pasiansi, kijana huyu yupo. Anajua kibanda kipi kilivunjwa na saa ngapi. Anajua pikipiki gani hupita imezima taa. Anajua mlinzi gani husinzia na yupi hupokea kitu kidogo. Naye ndiye wa kwanza kuibiwa hicho alichonacho, wa kwanza kupigwa, na kukitokea wizi ndiye wa kwanza kukamatwa.

Sura hii inamhusu yeye, ingawa kitabu hiki ni cha usalama wa miji na wasomaji wengi watatarajia niwaandikie habari za kamera, taa za barabarani na magari ya doria. Vyote hivyo vina kazi yake. Lakini naamini kwa dhati kwamba katikati ya mji wa Mwanza, na Kirumba hasa, hakutatulia mpaka siku kijana huyu atakapoweza kuingia kituo cha polisi usiku, akaeleza alichokiona, kisha akatoka kwa mlango uleule bila kuwekwa mahabusu.

Kirumba ni kata ya Manispaa ya Ilemela, ipo unapotoka katikati ya mji kuelekea uwanja wa ndege. Wageni huijua kwa Uwanja wa CCM Kirumba, wenyeji kwa Mwaloni. Mtaani, mtu anayetoka Makoroboi au Soko Kuu kwenda Mwaloni anatembea tu, wala haoni mpaka wowote. Kiserikali amevuka. Ametoka Halmashauri ya Jiji la Mwanza, upande wa Nyamagana, ameingia Ilemela, ambayo ilipata halmashauri yake mwaka 2012. Wilaya hizi mbili kwa pamoja zilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya milioni 1.1 katika sensa ya 2022. Mtoto anayelala mitaani huvuka mpaka huo hata mara tatu kwa siku akifuata chakula, ila faili lake kwa afisa ustawi wa jamii halivuki naye. Hili linaonekana dogo kwenye karatasi. Ukienda mitaani usiku utaona linavyowarudisha watu nyuma.

Kanda hii ina historia ndefu ya kujilinda, na haieleweki bila kuanzia mwaka 1976. Mwaka huo, katika msako wa wauaji wa vikongwe waliotuhumiwa uchawi mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu walikamatwa kwa makundi, wakateswa wakiwa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa kubeba dhamana ya vifo hivyo, ingawa si yeye aliyewatesa. Taifa humkumbuka Mwinyi kwa uungwana huo, na ni haki yake. Usukumani kilichobaki ni kumbukumbu nyingine: kwamba mtu akichukuliwa kwa kushukiwa tu, huenda asirudi.

Kisha vikaja Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, na baada yake silaha zikazagaa. Wezi wa ng'ombe wakawa na bunduki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, pande za Kahama na Nzega, Wasukuma na Wanyamwezi walijipanga wenyewe kijiji kwa kijiji: mtemi, katibu, makamanda, pinde na mishale, filimbi za kuitana usiku. Ndio sungusungu. Walienea upesi kwa sababu walifanya kazi. Ng'ombe walipatikana, wezi walitozwa faini au wakatengwa na jamii hadi wajirekebishe. Walifanya pia maovu. Walipiga watu, walihukumu kwa uvumi, na wanawake wazee hawakuwa salama mbele yao. Serikali haikuwafuta. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa na sungusungu wakapewa nafasi ndani yake.

Nguvu ya sungusungu wa kijijini ilitokana na jambo moja: kila mtu alimjua kila mtu. Kamanda alijua mtoto wa nani amerudi kutoka wapi na ng'ombe wa nani. Walipohamia mjini jambo hilo halikuhama nao. Mjini sungusungu akawa kijana anayelipwa kwa michango ya kaya, akitembea usiku na rungu na tochi kati ya watu asiowajua, katika vilima vya mawe ambako nyumba moja ina wapangaji kumi na kila mwezi wanabadilika. Swali lake la kwanza likawa: wewe ni nani na unatafuta nini hapa saa hizi?

Said Mwema alipoteuliwa kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi mwaka 2006, alileta mpango wa polisi jamii na ulinzi shirikishi. Vikundi vya doria viunganishwe na polisi, kila kata iwe na polisi wake, raia atoe taarifa bila hofu, mhalifu asipigwe bali afikishwe kituoni. Mtafiti Charlotte Cross aliyechunguza ulinzi shirikishi mkoani Mwanza miaka iliyofuata aliwakuta wananchi wengi wakiupenda mpango huo, na akaona pia kwamba mzigo wa doria uliwaangukia vijana wasio na ajira, baadhi yao wakitumaini kwamba kulinda mtaa kungewafungulia njia ya kupata kazi. Hapo pana jambo la kutafakari. Anayelinda na anayeshukiwa ni watu wa rika moja, wenye njaa moja, na huenda waliwahi kulala baraza moja.

Halafu ikaja Oktoba 2012. Usiku wa kuamkia tarehe 13, Kamanda wa Polisi Mkoa wa Mwanza, Liberatus Barlow, aliuawa kwa kupigwa risasi Kitangiri, jirani kabisa na Kirumba. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba wauaji walivaa makoti ya kuakisi mwanga, ya aina inayovaliwa na walinzi wa doria. Sijui mkazi wa Ilemela aliyeisikia habari hiyo bila kujiuliza: kama kamanda wa mkoa hakuweza kumtofautisha mlinzi na jambazi, mimi nitawatofautisha vipi? Wengi walidai koti bora zaidi, vitambulisho, namba. Hivyo vinasaidia. Ila koti linanunuliwa. Kinachoshindikana kununuliwa ni mtu wa mtaani kusema, huyu namjua, hupita hapa kila Jumanne na Alhamisi, na wale watatu siwajui. Usiku wa manane Kirumba ni nani yuko macho kuyasema hayo? Ni yule wa barazani.

Hivi sasa hawezi kuyasema, na sheria inachangia. Kanuni ya Adhabu, vifungu vya 176 na 177, tuliyoirithi kwa mkoloni, inamtaja mtu asiye na njia inayoonekana ya kujipatia riziki, anayekutwa mahali na saa inayotia shaka, asiyeweza kujieleza vizuri. Mtaani kosa hilo linaitwa uzururaji. Mtu asiye na makazi anatenda kosa hilo kwa kuwepo tu. Akienda kituoni kutoa taarifa ya duka kuvunjwa, ushahidi wake unaanza kwa kukiri kwamba saa nane usiku alikuwa nje ya duka la mtu. Nani mwenye akili timamu atafanya hivyo?

Sasa fungua Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mtoto anayetangatanga bila makazi, mtoto anayeomba omba, anatajwa humo kuwa ni mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, na serikali ya mtaa imepewa wajibu juu yake. Mvulana wa miaka kumi na minne, usiku uleule, baraza lilelile: kwa kitabu kimoja ni mhalifu, kwa kingine ni mwanetu. Askari aliye mbele yake anachagua kitabu. Mara nyingi anachagua kile anachokifahamu, na siwezi kumlaumu sana askari ambaye hakuna aliyemfundisha cha pili wala kumwonyesha pa kumpeleka mtoto huyo saa hizo.

Desemba 4, 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji zinakinzana na Mkataba wa Afrika na mikataba inayowalinda watoto na wanawake, na kwamba nchi zinapaswa kuzirekebisha au kuzifuta. Aliyeomba maoni hayo alikuwa Umoja wa Wanasheria wa Afrika. Maoni yale yametoka katika ardhi yetu wenyewe. Nasikitika kwamba yamejulikana zaidi kwa mawakili kuliko kwa polisi kata.

Wapo watakaoniambia: ndugu, wewe unaandika, sisi tunaibiwa. Nawaelewa. Mama anayefika Mwaloni saa kumi alfajiri na mtaji wake wote amefunga kwenye kanga hana muda wa mikataba ya Afrika. Na si kweli kwamba vijana wote wanaolala pale hawana hatia. Baadhi yao huiba, baadhi hunusa gundi na petroli hadi hawajui walifanyalo, na wakubwa wao huwatuma wadogo kupenya madirishani. Nakataa kitu kimoja tu, nacho ni kuamini kwamba msako unatibu hayo. Aprili 2016 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, aliamuru ombaomba waondoke jijini. Waliondoka, na baadaye barabara zikajaa tena. Ng'ambo ya mpaka, Kigali imekuwa na kituo cha Gikondo ambako watu wa mitaani hukusanywa, na mwaka 2020 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto ilitaka watoto wasishikiliwe katika vituo vya aina hiyo. Mji unaonekana safi kwa muda, na kila aliyesombwa anarudi akiwa amejifunza somo moja, kwamba akiona sare akimbie. Shahidi amepotea hapo.

Mwanza ina njia nyingine, na haikuletwa jana. Mwaka 1992 lilianzishwa hapa shirika la Kuleana, lililokuwa miongoni mwa ya kwanza nchini kusema kwa sauti kwamba mtoto wa mitaani ana haki na anastahili kusikilizwa. Baadaye wakaja Cheka Sana, Railway Children Africa na wengine. Kazi yao hutangazwa kidogo kuliko msako kwa sababu haipigiki picha. Mfanyakazi wa mtaani hutoka usiku akiwa hana rungu wala daftari. Siku za kwanza anasalimia tu. Anakaa. Anafunga kidonda cha mguu uliokatwa na bati. Anaulizwa maswali ya kumpima, naye anajibu. Jina analopewa kwanza huwa la uongo, na anajua ni la uongo, analitumia hivyohivyo. Jina la kweli huja baada ya majuma, pengine miezi, na likija linakuja na kijiji: Mara, Simiyu, Geita, Shinyanga, Kagera. Linakuja na sababu. Mara nyingi sababu ni kipigo. Baba wa kambo, mama aliyefariki, shule iliyomtoa kwa sare, njaa, ndiyo, lakini kipigo kinajirudia katika simulizi nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Ndipo inapoanza safari ya kutafuta ndugu, na hapa haraka huharibu. Ukimpandisha mtoto basi na kumwachia mlangoni pa aliyempiga, atarudi Mwanza kabla ya aliyempeleka. Wanaoifanya kazi vizuri huzungumza kwanza na wazazi, mara nyingi, hutafuta shangazi au bibi kama nyumbani hapafai, na hurudi kuangalia baada ya kumrudisha. Akikosekana wa kumpokea usiku huo, wapo walezi wa kujitolea waliopitishwa na ustawi wa jamii ambao humpa mtoto kitanda kwa muda. Simu ya mtoto, namba 116, hupokea taarifa bure. Vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Vipande vyote vipo.

Havijaunganishwa usiku, hilo ndilo pengo. Doria hutoka saa tano na kupita Mwaloni. Mfanyakazi wa mtaani naye hutoka, siku zake, na kupita Mwaloni. Wanapishana kama mitumbwi miwili isiyo na taa. Doria ikimkamata kijana ambaye mfanyakazi amemfuatilia miezi minne, kazi ya miezi minne imekwisha usiku mmoja, kwa sababu kijana ataamini amechongewa.

Ushirikiano ninaoutaka hauhitaji sheria mpya wala jengo. Mfanyakazi wa mtaani atembee na doria mara moja kwa juma, awatambulishe: huyu ni kamanda wa doria, hatakupiga, huyu analala hapa, ana kaka yake Igogo. Polisi kata awepo siku hiyo, ajulikane kwa sura na kwa namba ya simu. Kikundi cha doria kiweke sharti moja lisilovunjwa, kwamba mkono hauinuliwi juu ya mtu aliyelala. Nalitaja hilo kwa sababu kipigo ndicho kilichowatoa wengi nyumbani, na mlinzi anayepiga anakuwa baba wa kambo wa pili. Mtoto akikutwa usiku apelekwe dawati, si mahabusu, na afisa ustawi wa zamu apigiwe, awe wa Ilemela au wa Nyamagana. Halmashauri hizi mbili zikubaliane kuwa na orodha moja. Kenya iliweza kuhesabu watu wake wa mitaani nchi nzima mwaka 2018 na ikapata 46,639. Halmashauri mbili za mji mmoja zinaweza kujua walio wao. Orodha hiyo ikae kwa ustawi wa jamii, polisi wasiichukue kuwa daftari la washukiwa, la sivyo majina ya uongo yatarudi.

Wagonjwa wa akili wanaozunguka Kirumba uchi au wakizungumza peke yao ni suala la hospitali, Sekou Toure na Bugando, na doria iliyofundishwa kumtambua mgonjwa itaepusha vifo vya kipumbavu. Kelele za "mwizi!" huko nyuma zimemwua mgonjwa asiyeweza hata kujitetea. Ukiwa na mlinzi mmoja anayemjua mtu huyo kwa jina na kulipaza, umati husita, na kusita huko kunaweza kuokoa roho.

Linabaki suala la wale ambao si watoto tena. Kijana wa miaka kumi na tisa aliyekulia Mwaloni harudishwi kwa bibi yake. Anachotaka ni geto, chumba ambacho watatu au wanne wanachangia kodi, na kazi isiyoishia kwenye siku za giza. Kila halmashauri nchini hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudi mwaka uliofuata. Ushuru wa Mwaloni ni sehemu ya mapato ya Ilemela, kwa hiyo jasho la anayebeba magunia pale limo ndani ya fungu hilo. Lakini hawezi kulifikia, maana kikundi lazima kisajiliwe, wanakikundi wawe na vitambulisho, na kitambulisho kinaanzia kwenye barua ya mtendaji wa mtaa inayosema mtu huyu anaishi hapa. Mtendaji humwuliza: unakaa nyumba ya nani? Hana. Mazungumzo yanaishia hapo, na kijana anarudi barazani akiwa bado mzururaji.

Mtendaji aliyekutana naye kwenye doria, aliyeambiwa jina lake na mfanyakazi wa mtaani mwaka juzi na amemwona tangu hapo akipakia malori, anaweza kuiandika barua hiyo bila kusema uongo. Ataandika kwamba kijana huyu yupo katika mtaa wangu, analala Mwaloni, namfahamu, na mwezi uliopita ndiye aliyetuambia nani alivunja stoo ya magunia.